Shukrani na Hesabu

Katika maneno mema ya Kiswahili ni machache yaliyodhulumiwa kama neno shukrani. Nyumbani limefanywa kizibo cha kinywa cha mke na mtoto. Barazani limefanywa pazia la kufunika madaftari. Aulizaye huambiwa kuwa hana shukrani, na anyamazaye husifiwa kuwa ana moyo mwema. Mafundisho haya yameenea sana, na kwa kuwa yamevaa joho la adabu na dini, watu wengi wema huyapokea bila kuyapekua. Babati, mji ulio chini ya mlima Kwaraa na kando ya ziwa lenye viboko, ni mahali pazuri pa kuyapekua. Huko yako mambo mengi ya kushukuriwa na mengi ya kuulizwa, na aghalabu ni mambo yale yale.

Wasomi wa lugha wanajua kuwa shukrani na kukufuru ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na kwamba mzizi wa neno hili la pili asili yake ni kufunika. Mwenye kukufuru neema ni mwenye kuifunika: ameipata, akaificha, akajifanya kama mtu ambaye hakupewa kitu. Ikiwa kukufuru ni kufunika, basi kushukuru hakuna budi kuwa kufunua. Mwenye kushukuru hutaja alichopewa, humtaja aliyempa, hutaja kiasi chake na jasho lililotoka kwa ajili yake. Haiwezekani kuyataja hayo bila kuhesabu, wala haiwezekani kuhesabu kilichopo bila kukutana na kilichopunguka. Kwa hiyo wale wanaowahimiza watu kunyamaza kwa jina la shukrani wanawahimiza kufunika, na kufunika ni kazi ya mwenye kukufuru. Ajabu ni kwamba wao ndio wenye ujasiri wa kuwaita wengine wakosefu wa fadhila.

Itazamwe barabara ya Babati kwenda Dodoma kwa njia ya Kondoa. Ina urefu wa kilomita 251, nayo ilifunguliwa rasmi ikiwa ya lami mwezi wa Aprili 2018. Aliyepita njia ile wakati wa masika kabla ya lami hahitaji kufundishwa kushukuru. Basi, mtu wa Babati aseme asante, tena aiseme kwa sauti. Lakini amwambie nani? Barabara ile haikutoka katika mfuko wa mkubwa yeyote. Fedha nyingi zilikopwa kwa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kwa Japani, na mkopo hulipwa. Utalipwa kwa kodi ya muuza vitunguu, ya mwalimu, ya dereva wa bodaboda, na yamkini ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Vibarua walioponda mawe juani hawatajwi kabisa. Hapa ndipo shukrani ya ukimya inapojifichua: imewasahau watoaji ikamwinamia msimamizi. Raia anayeuliza mitaro itazibuliwa lini, au kwa nini magari yanakimbizwa mno mbele ya shule, anawashukuru wenye mali kwa kuilinda mali yao.

Watetezi wa ukimya hupenda methali isemayo kuwa asiyeshukuru kidogo hata kingi hashukuru. Ni methali ya kweli. Walakini Waswahili hawakuishia hapo. Walisema pia kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hizi mbili zimeishi katika lugha moja kwa miaka mingi bila kugombana, kwa sababu mnywaji mwenye busara humsifu mgema baada ya kuonja, tena huonja kila siku. Ni wale wasiotaka tembo lao lionjwe ambao wameishika methali moja wakaitupa ya pili.

Iko hoja nzito kuliko methali, nayo ni msitu wa Duru-Haitemba, ambao hauko mbali na mji wa Babati. Ni msitu wa miombo wenye ukubwa wa hekta 9,000 hivi, uliozungukwa na vijiji vinane, miongoni mwavyo Ayasanda, Bubu, Riroda na Gidas. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa mbioni kuufanya hifadhi yake. Nia yenyewe ilikuwa njema: msitu ulikuwa ukiliwa kidogo kidogo na mkaa, mbao na mashamba. Mtu wa madhehebu ya ukimya angewaambia wanavijiji washukuru, maana serikali imekubali kuwatunzia. Wanavijiji hawakunyamaza. Walisema msitu ni wao, kwamba maji yao na kuni zao na malisho ya ng'ombe wao vimo ndani yake, na kwamba mpaka ukishapigwa wao watakuwa wezi katika mahali walipozaliwa. Wako pia waliofanya vibaya. Waliposikia kuwa msitu utachukuliwa waliongeza kuukata, kama mtu anayekula mbegu kwa kuwa amesikia shamba litauzwa. Huko ndiko kukata tamaa, na hakuna anayekusifu.

Lakini mabishano yale yalizaa jambo ambalo wataalamu wa misitu wa nchi nyingi walikuja baadaye kulitazama. Kuanzia mwaka 1994 mpango wa hifadhi ya serikali uliwekwa kando, vijiji vikaachiwa kuutunza msitu vyenyewe. Kila kijiji kiligawa sehemu yake, kikaamua wapi pakatwe na wapi pasikatwe, kikatunga sheria ndogo na faini zake, kikachagua walinzi miongoni mwa vijana wake wasiolipwa mshahara na serikali. Wale wale waliokuwa wakishtakiwa kwa uharibifu wakawa ndio wenye kuwashika waharibifu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilipotungwa, iliweka mahali pa misitu ya vijiji katika nchi nzima, na Duru-Haitemba ilikuwa mojawapo ya mifano iliyoiandalia njia.

Jambo la kuangaliwa hapa ni moyo wa watu wale. Walikataa na walishukuru kwa wakati mmoja. Wangekuwa hawaoni thamani ya msitu wasingeupigania, na wangekuwa wamekubali kunyamaza wasingeupata. Kukataa kwao kulitokana na kujua walicho nacho, kwa jina la kila chemchemi. Mlinzi aliyezunguka msituni usiku bila mshahara alikuwa akishukuru kwa miguu yake, na ni shida kupata hotuba inayoweza kulingana na miguu hiyo.

Nyumbani mambo hayako mbali na hayo. Wilaya ya Babati inalima mbaazi nyingi, na soko lake kubwa lilikuwa Bara Hindi. Mwaka 2017 India iliwekea mipaka mbaazi za kutoka nje, na bei ikaanguka ghafula katika Tanzania. Katika mwaka wa namna hiyo hufunuliwa tabia ya kila nyumba. Iko nyumba ambayo mke alipanda, akapalilia, akavuna na kupura, na katika miaka ya bei nzuri fedha ziliingia mfuko mmoja na kutoka kwa njia zisizojulikana. Bei ikianguka mke huuliza ya mwaka jana yalikwenda wapi. Hujibiwa kuwa hana shukrani: amejengewa, amevishwa, anataka nini tena? Binti akitaja ada ya shule hupewa jibu lile lile. Mwenye kujibu hivyo hudhani anadai shukrani, kumbe anadai deni lake lifutwe bila kuhesabiwa. Katika nyumba ile mdaiwa wa kwanza wa shukrani ni yeye, maana amekula jasho la wengine miaka mingi pasipo kulitaja hata mara moja mezani. Iko na nyumba nyingine, yenye umaskini ule ule, ambayo baba huwakalisha watu wake, akasema mbele ya watoto nani amefanya kazi gani, kimepatikana kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Nyumba hiyo haikupata bei bora kuliko ya jirani. Ilichagua tu kuutazama msimu mbaya kwa macho wazi, na watoto wake walilala wakijua kuwa kazi yao imeonekana.

Neno kuchagua lisipitwe upesi. Shukrani huchaguliwa na mwenye moyo. Hapana wa kumchagulia. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima Hanang vilishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, katika mkoa huu huu wa Manyara, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mtu aliyefiwa akisema mwenyewe kuwa anamshukuru Mungu kwa mtoto aliyesalia, neno lake ni zito kuliko mahubiri yote. Neno lile lile likisemwa na mgeni mwenye viatu vikavu, anayetaka mfiwa aache kuuliza, huwa ni tusi.

Wako na walalamishi, na haifai kuwaficha. Ni watu ambao lami ikija husema vumbi lilikuwa bora, na mvua ikinyesha husema ingenyesha jana. Hao nao hawahesabu. Wanafunika upande mmoja wa daftari kama watetezi wa ukimya wanavyofunika upande wa pili. Tofauti ni kuwa mlalamishi hana mamlaka, na kelele yake haimnyimi mtu ada ya shule.

Kwa sheria za serikali za mitaa, mkutano wa wananchi ndio mahali pa kusomewa mapato na matumizi. Desturi iliyozoeleka katika mikutano mingi ni kuanza kwa kuwatambulisha wageni, kisha salamu, kisha shukrani kwa wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, mpaka jua linainama na akina mama wanaondoka kwenda kupika. Ndipo mapato na matumizi huahirishwa. Mkutano ujao na ujaribu kuupindua utaratibu huo. Daftari lifunguliwe kwanza, lisomwe na mtu mwenye sauti, maswali yaulizwe na wanawake kwa wanaume wangali wapo wote; kisha, jioni, wapigiwe makofi wale ambao majina yao yamekutwa ndani ya daftari pamoja na kazi waliyoifanya.