Garsen si mahali pa kupita tu

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu huijua Garsen kwa kikombe cha chai. Basi husimama, abiria hushuka kujinyoosha, wengine huwahi sala, wauza maembe hukimbilia madirishani, na punde si punde honi hulia. Watu hupanda na gari hushika njia. Hivi ndivyo tulivyoizoea Garsen tangu siku za kivuko mpaka hizi za daraja na lami.

Sisi twaona mazoea haya yana hasara, na hasara yenyewe si ya fedha pekee. Watu wasioijua thamani ya kwao huja wakaamka siku moja wakaikuta imechukuliwa, au imeanguka yenyewe.

Hebu msomaji tukumbushane kuna nini huko. Kuna Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, uendao kama kilomita 1,000 kutoka milimani hadi baharini. Chini ya Garsen mto hutawanyika ukafanya maziwa, mabwawa na misitu ya mikoko, na mwaka 2012 eneo hilo liliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani ardhi za majimaji zenye thamani kwa ulimwengu mzima. Huko huja ndege mdogo wa matete aitwaye kwa jina la Basra, ambaye huzaliwa katika mabwawa ya Iraq na kuja kwetu kukimbia baridi. Juu ya Garsen, kwenye njia ya Hola, ipo hifadhi iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya aina mbili za kima, mmoja wao mbega mwekundu wa Tana, ambao hawapatikani popote pengine duniani.

Ukishuka hadi Kipini utaikuta Ungwana, mji wa Waislamu uliokuwa na msikiti wa Jamia na makaburi ya mawe, na ambao watu wake waliuhama yapata karne nne zilizopita. James Kirkman, aliyechimbua Gedi, alifanya kazi huko pia. Lakini Gedi leo hupokea watoto wa shule kwa mabasi, na mwaka 2024 iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO, hali Ungwana imebaki kwa mizizi na chumvi ya bahari. Na pande hizo hizo za Ozi na Kipini ndiko masimulizi yanakolitaja kaburi la Fumo Liyongo. Ni wangapi kati yetu tuliosimuliwa habari za sindano ya shaba tukiwa wadogo, na tumepita Garsen mara kumi bila kujua kwamba tuko jirani naye?

Tukisema hasara hatusemi ya kuwaza. Wimbo wa taifa letu, tunaousimamia kwa heshima tangu 1963, ulipata sauti yake kutoka wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Lakini ngoma yao kuu, Ngadji, iliyokuwa ikilia kuwaita wazee wa Gasa, ilichukuliwa na wakoloni mwaka 1902, ikaishia London katika jumba la makumbusho la British Museum. Wajukuu wa wenyewe waliotaka kuiona iliwabidi wasafiri hadi Ulaya, nao wakaonyeshwa ghalani.

Kuna watakaosema: Garsen ni mji mdogo, mgeni ataonyeshwa nini? Nasi twawajibu kwa mfano wa mbali. Kusini mwa Japani, katika mkoa wa Fukuoka, kuna mji mdogo uitwao Yanagawa. Mali yake ni mifereji ya zamani iliyochimbwa kwa ajili ya ngome na mpunga. Katika miaka ya 1970 mifereji ile ilikuwa imejaa taka, na ilikaribia kufukiwa. Mfanyakazi mmoja wa manispaa, Tsutae Hiromatsu, alikataa, akawaendea wananchi mtaa kwa mtaa, nao wakaingia majini kuisafisha. Leo wageni hupanda vyombo vinavyosukumwa kwa pondo, wakala mkunga kwa wali, wakaizuru nyumba alikozaliwa Hakushu Kitahara, mshairi aliyewatungia watoto nyimbo.

Sasa tujiulize. Maji tunayo. Pondo tunayo, na wavulana wa Ngao huishika kabla hawajaota ndevu. Wali na samaki tunao, na wimbo wa mtoto tunao pia. Tulichokosa ni mtu wa kwanza kukataa kupoteza.

Hatuombi hoteli za ghorofa. Twaomba serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa waanze na dogo: kibao njiani kinachosema Ungwana iko wapi, mlinzi wa kufyeka magugu kwenye ule msikiti, na vijana wa mtumbwi waliofunzwa historia ya kwao pamoja na majina ya ndege. Mgeni naye aje kwa adabu, avae kwa staha, na akifika makaburini awatolee salamu waliolala, maana yale ni makaburi, si mapambo.

Twajua pia majonzi ya mto huu. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika ugomvi wa Wapokomo na Waorma juu ya maji na malisho. Hapana mgeni ajaye penye hofu, wala haifai mgeni alete riziki ikamfaa mmoja na mwenziwe akabaki kutazama. Kwa hiyo anayesimulia habari za Tana na awasimulie wote wawili: mkulima na mpunga wake, na mfugaji na ng'ombe wake. Mto ni mmoja, na kila mmoja anauhitaji.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Basi mgeni wa kwanza awe ni sisi wenyewe wa pwani. Safari ijayo, dereva apigapo honi Garsen, mwache aende zake. Basi la kesho lipo.