Mwangwi Usimeze Maneno

Siku hizi kijana wa Mombasa au Lamu mwenye kompyuta, maikrofoni moja na godoro la kuegemeza ukutani aweza kurekodi wimbo chumbani mwake bila ya kumwomba mtu ruhusa. Hilo ni jema, nasi twalipongeza. Lakini nyimbo nyingi zitokazo vyumbani humo zina ila moja: sauti imezamishwa katika mwangwi hata msikilizaji haambulii neno. Na wimbo wa Kiswahili, ukishauondolea neno, umebakisha nini?

Kosa si la mwangwi, ni la mahali unapotiwa. Aghalabu kijana huupachika moja kwa moja juu ya sauti ya mwimbaji, kisha akapachika mwingine juu ya kila mwitikiaji. Matokeo yake mwimbaji asikika yumo pangoni, waitikiaji wake wamo bafuni, na kompyuta yatweta kwa mzigo. Baya zaidi, kompresa ikiwekwa nyuma ya mwangwi huo, huunyanyua kila mwimbaji anapovuta pumzi.

Dawa yake ni ya kale. Mwaka 1947 huko Chicago, fundi Bill Putnam, akilirekodi kundi la Harmonicats, alitaka mwangwi akautafuta chooni. Sauti ilipelekwa humo kwa spika, mwangwi wake ukanaswa kwa maikrofoni, ukarudishwa kuchanganywa na sauti ya asili, ambayo yenyewe haikuguswa. Ndivyo lifanyavyo kazi lile ambalo mafundi huliita basi. (Jina hilo lina asili moja na basi la abiria, wala halikukosewa: wapandao ni wengi, safari ni moja.) Fungua basi moja katika programu yako, weka humo mwangwi mtupu, asilimia 100, kisha kila sauti ipelekwe humo kwa kadiri yake, mwimbaji kidogo, waitikiaji zaidi, ili wasimame nyuma yake. Wote watakuwa nyumba moja.

Ama sauti yenyewe ya mwimbaji, itangulie chujio la kukata mngurumo ulio chini ya hezi 80 au 100, kisha ije kompresa. Hapa washairi wana neno la kuwaambia mafundi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kina hukaa katika silabi ya mwisho, ambayo hutamkwa kwa unyonge. Pumzi ikimpungukia mwimbaji, kina hupotea. Kompresa ya tatu kwa moja, ikibana vilele kwa desibeli 3 hadi 6, halafu sauti yote ikapandishwa, hukirejesha kina sikioni. Ikizidi hapo, wimbo mzima huwa ukelele mmoja.

Kipo pia kifaa cha kupunguza ukali wa herufi s. Kitumike kwa haya. Kikikazwa mno, s huelekea kuwa th, na mpenzi aliyelalamika kuwa katiliwa sumu ataonekana katiliwa thumu, ambayo ni kiungo cha pilau.

Turudi kwenye basi la mwangwi. Mwangwi ucheleweshwe milisekunde 20 hadi 40, neno lipate kutoka kwanza. Mngurumo wake ulio chini ya hezi 300 ukatwe. Na mkia wake ufe kabla mshororo wa pili haujaanza, la sivyo kina cha mshororo huu chaangukia kichwani mwa ule.

Kisha fundi afanye mtihani mmoja usio na gharama. Apige wimbo kwa redio ndogo au simu, sauti iwe chini, amwite mtu asiyeujua wimbo huo, ampe kalamu ayaandike maneno. Palipo na pengo karatasini, hapo mwangwi upunguzwe.