Mtoto Si wa Kunyamazishwa kwa Simu

Leo naja kwenu kukiri kosa, na kukiri kosa hadharani si jambo jepesi kwa mtu aliyekwisha ota mvi.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani kwangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, nikiandika makala juu ya nyimbo za kubembelezea watoto. Nililalamika, kama ilivyo ada yetu sisi watu wa makamo, kwamba kina mama wa siku hizi hawaziimbi, na kwamba lugha yetu inakufa vinywani mwa watoto. Maneno yalinijia vizuri, maana nyumba ilikuwa kimya. Na ilikuwa kimya kwa nini? Kwa sababu mjukuu wangu wa miaka 2 alikuwa miguuni pangu, juu ya mkeka, ameshika simu yangu, akitazama katuni.

Nilipomaliza nikaitwaa simu. Lo! Mtoto alijitupa chini, akalia kama aliyefiwa, na katika kilio kile alitamka neno moja tu, akilirudiarudia: neno la Kiingereza la kutaka aongezwe. "Tena" ya Kiswahili hakuwa nayo. Babu mtu ni mshairi, anaandikia gazeti la Kiswahili, naye mjukuu anaomba kwa lugha ya katuni! Makala ile sikuipeleka kwa mhariri. Niliona haya.

Nieleze hali ilivyo. Binti yangu ni muuguzi, hutoka nyumbani kabla jua halijapanda. Mumewe yuko bandarini. Mimi nafanyia kazi nyumbani tangu Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini. Mei mwaka ule Serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale, nasi tu katika mfungo wa Ramadhani, ofisi niliisahau kabisa. Vizuizi viliondolewa, maradhi yakapungua, lakini meza yangu haikurudi ofisini. Mhariri hana neno, maadamu makala yamfikia kwa wakati. Basi mtoto huyu akawa wangu mchana kutwa.

Nilimwambia mke wangu mashaka yangu, akanicheka. Yeye hupika mahamri na vitumbua vya kuuza, na kazi hiyo ni ya miaka 30.

"Bwana," aliniambia, "wewe kazi ya nyumbani umeijua juzi. Mimi nimekaanga mahamri na watoto wako wote miguuni, na hakuna hata mmoja niliyempa simu."

Nikamwuliza alikuwa akifanyaje.

"Nilimpa donge la unga naye asukume. Mahamri yake yalikuwa meusi kwa uchafu, lakini naye alikuwa kazini."

Neno hilo, "alikuwa kazini", limenikaa moyoni hata leo. Sisi wanaume twazungumza juu ya kufanyia kazi nyumbani kana kwamba ni uvumbuzi mpya, ilhali wake zetu na mama zetu wameifanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi. Mama aliyesuka ukili alimkatia mtoto kipande chake naye asuke, hata kama alichosuka kilifumuka papo hapo. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa mshona kofia. Sindano i mkononi, sikio li kwetu, na ukikosea herufi moja alikurudi bila ya kuinua macho. Wadogo zetu waliotufuata chuoni hawakufukuzwa. Waliketi kando yake wakimshikia uzi, na huku wakishika uzi wakazishika na alifu, be, te, pasi na mtu kuwafundisha.

Na tukitaka mfano ulio juu kuliko huo, tunao. Maimamu Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliswali hali amembeba Umama, mtoto wa bintiye Zainab. Akisujudu humweka chini, na akisimama humwinua. Hadithi hii niliisikia utotoni nikaichukulia kuwa ni habari ya fikihi, ya lipi lajuzu na lipi halijuzu katika swala. Leo, nikiwa babu, naiona kwa jicho jingine. Hakuiacha swala kwa ajili ya mtoto, wala hakumfukuza mtoto kwa ajili ya swala. Humweka, humwinua. Ikiwa swala, iliyo kubwa kuliko kazi zetu zote, ilikuwa na nafasi ya mtoto, makala yangu mimi ni kitu gani?

Hapa ndipo ninapogombana na simu. Simu haimshirikishi mtoto, yamwondoa. Mwili wake u mkekani lakini yeye hayupo. Mtoto hujifunza kusema kwa kuutazama uso wa mtu, kutamka, kujibiwa, kukosea na kusahihishwa. Katuni haimjibu wala haimsubiri. Na si maneno ya wazee peke yao haya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa mwaka 1 asiketishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na wa miaka 2 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wangu mimi, siku ile ya makala, alikwenda saa 3.

Basi nimebadili mwendo, na nitawaambia nifanyavyo, huenda yupo atakayefaidika. Kazi nzito ya kuandika naifanya baada ya swala ya alfajiri, na mchana mtoto anapolala. Akiwa macho nafanya zile nyepesi, kama kusoma habari na kupanga karatasi. Naye nimempa ofisi yake: kikapu chenye karatasi nilizoziharibu, kalamu nene ya rangi, vifuu viwili, mwiko na vikombe vya plastiki. Sivitoi vyote kwa pamoja, kwani mtoto wa umri huu hukaa na kitu dakika chache akakichoka, na kilichofichwa jana huwa kipya leo. Gololi, shanga na sarafu sizitii humo, maana hutia kinywani zikamkaba. Karai la maji hulipenda mno, lakini hilo ni mpaka niwe nimeketi naye na nimeweka kazi kando, kwani mtoto aweza kuzama katika maji haba. Na kila nikimaliza aya moja naweka kalamu, namwinua, twaenda dirishani kuhesabu paka wa mtaa. Kisha nakaa tena.

Atakuja mtu aniambie: "Wewe una mke nyumbani na majirani barazani. Je, mama aliyepanga chumba kimoja ghorofani, yu peke yake na mtoto, na tajiri wake yuko kwenye simu akimngoja?" Kweli, simlaumu mama huyo. Nusu saa ya katuni ili apate kusema na tajiri wake haitamharibu mtoto, hasa akirudi baadaye akaketi naye wakasimuliana walichokiona. Lawama yangu i juu yetu sisi tulio na nafasi, tulio na lugha, tulio na majirani, kisha twachagua simu kwa kuwa ni rahisi.

Wala sisemi kwamba nimefaulu. Makala haya yamenichukua siku tatu badala ya moja, na ukurasa mmoja uliliwa pembeni. Yako masiku hulia mpaka mke wangu huja kuniokoa. Lakini juzi mjukuu wangu aliniletea karatasi iliyojaa mistari yake, akanitia mkononi, akasema, "Babu, soma." Maneno mawili, yote ya Kiswahili. Nami nikamsomea yasiyoandikwa, naye akacheka na kusema, "Tena."

Nawaachia ubeti huu, nilioutunga kalamu ikiwa mkononi mwangu na mtoto akiwa pajani:

Mtoto hataki simu, ataka umtazame,
Kazi yako ni muhimu, na haki usimnyime,
Mpe kalamu na zamu, akuige asimame,
Lugha tamu ya kaumu, nyumbani isituhame.