UCHANGANUZI: Je, tovuti ina faida kwa fundi mdogo wa mabango?

Kwa mfanyabiashara wa kawaida nchini Kenya, kibao kilicho juu ya mlango wa duka ndilo tangazo la kwanza analolipia, na mara nyingi ndilo la mwisho. Kinyozi, mwuza dawa, mwenye hoteli na mkuu wa shule ya chekechea wote humwendea fundi wa mabango kabla hawajauza hata kitu cha shilingi kumi. Sasa fundi huyo anaulizwa swali ambalo yeye amezoea kuwauliza wateja wake: wewe mwenyewe umejitangaza wapi? Wauzaji wa huduma za mtandao wana jibu tayari. Humwambia kwamba asiye na tovuti hayupo, na kwamba akitoa makumi ya maelfu ya shilingi ataonekana kutoka Lodwar hadi London.

Ataonekana, naam. Iwapo kuonekana huko kutamletea kazi ni suala jingine.

Jambo lenyewe si dogo. Uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) uliochapishwa mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4, na kwamba ni takriban milioni 1.56 tu kati ya hizo zilizokuwa na leseni. Karakana nyingi za mabango zimo katika kundi hilo kubwa: fundi mmoja, mwanagenzi wake, ngazi, na mashine ya kukatia stika iliyonunuliwa kwa mkopo. Kila shilingi inayokwenda kwa mtengenezaji wa tovuti imetoka kwenye fungu la wino, turubai au kodi ya chumba.

Itakumbukwa kwamba hadi mwaka wa 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje, na gharama yake ilikuwa ya kutisha. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Septemba 2011, kampuni ya Google ilizindua mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti bila malipo. Tangu hapo, kauli kwamba kila biashara lazima iwe na tovuti imekuwa ikirudiwa katika semina na warsha kana kwamba ni aya ya Katiba. Hata hivyo, sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti, na kwamba waliotafuta na kununua bidhaa au huduma mtandaoni walikuwa asilimia 4.3 pekee. Bila shaka watumiaji wameongezeka tangu wakati huo. Lakini pengo kati ya anayeingia mtandaoni na anayenunua mtandaoni ndilo linalopaswa kumkalia fundi akilini.

Aidha, bango si kiatu. Haliuzwi likiwa limekwisha kutengenezwa, likatiwa kwenye kifurushi na kusafirishwa. Sharti fundi aende akapime ukuta, aangalie jua linatokea upande gani, ajue kama kuna umeme karibu, kisha arudi na ngazi kulitundika. Fundi wa Nakuru hawezi kushindania kazi ya kibao cha Sh6,000 kilichoko Malindi, hata kama tovuti yake itasomwa huko kila siku. Isitoshe, kila bango alilolitundika tayari limembebea jina na nambari ya simu pembeni, kwa maandishi madogo, mbele ya macho ya watu wa mtaa ule ule anaouhudumia. Ni biashara chache ambazo bidhaa yake husimama barabarani miaka mitano ikimtangaza aliyeitengeneza bila kudai malipo.

Ndiyo maana tovuti haiwezi kuamuliwa kabla ya kujua mteja ni nani. Wateja wa karakana hizi ni wa aina tatu, na tabia zao hazifanani hata kidogo.

Wa kwanza ni jirani: mwenye kibanda, fundi wa simu, mama wa mboga aliyepanuka hadi akakodi duka. Huyu humwuliza jirani yake aliyeandikiwa kibao kizuri, akapewa nambari, wakaelewana kwa simu na kutuma arubuni kwa M-Pesa. Tovuti haimhusu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na ingawa wahenga hao hawakuwahi kulipa kodi ya chumba River Road, kwa mteja wa aina hii walisema kweli.

Wa tatu, tukimtanguliza kwa kuwa habari yake ni fupi, ni kampuni kubwa. Kampuni ya simu iliyoanza kwa jina la KenCell mwaka wa 2000 iligeuka kuwa Celtel mwaka wa 2004, Zain mwaka wa 2008 na Airtel mwaka wa 2010, na kila mara kuta na vibao vya maduka kote nchini vililazimika kubadilishwa. Vilevile, kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, ziliwalazimisha wenye matatu kupaka magari yao mstari wa manjano, na wapaka rangi wakapata kazi ya ghafla. Neema za namna hii hushuka kutoka juu, kupitia mashirika ya matangazo au amri ya serikali. Fundi mdogo huzipata kwa kufahamiana na aliyepewa kandarasi. Hapatikani mkurugenzi anayeperuzi tovuti za karakana usiku akitafuta wa kumpakia rangi kuta elfu tatu.

Anayebaki ni yule wa katikati, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Huyu ni karani wa ununuzi katika shule ya kibinafsi, hospitali ya misheni, shirika lisilo la kiserikali, kanisa au kampuni ya mawakili. Haamui peke yake. Ana mkubwa atakayemwuliza amewapata wapi mafundi hao, na mara nyingi sheria za ofisi yake humtaka aonyeshe makadirio ya bei kutoka kwa watu watatu. Kwa taasisi za umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka wa 2015 yenyewe inataka maombi ya bei yapelekwe kwa wauzaji wasiopungua watatu. Tofauti ni kwamba taasisi ya umma huchukua majina kutoka kwenye orodha ya waliosajiliwa, kwa hivyo fundi asiye kwenye orodha hiyo tovuti haitamwokoa. Karani wa ofisi ya kibinafsi hana orodha. Ana simu, ana Google, na ana hofu ya kulaumiwa. Akiona ukurasa wenye picha za kazi, jina la jengo, nambari ya simu na anwani ya barua pepe yenye jina la biashara, amepata kitu cha kumwonyesha mkubwa wake.

Hesabu ya mfano inaweza kulifafanua jambo hili. Chukulia kwamba fundi amelipa Sh30,000 kutengenezewa tovuti, na kila mwaka analipa Sh6,000 kwa jina la tovuti na nafasi kwenye seva. Kwa miaka mitatu atakuwa ametumia Sh48,000. Kama kibao cha duka la mtaani humwachia faida ya Sh1,500, tovuti hiyo italazimika kumletea wateja 32 wapya wa mtaani, ambao hata hivyo wangempata bila tovuti. Lakini kama herufi zenye taa za LED kwenye jengo la ofisi humwachia Sh12,000, anahitaji kazi nne tu katika miaka yote mitatu. Kazi ya tano ni faida tupu.

Kwa hivyo fundi asiyetengeneza ila vibao vya kupaka rangi hana sababu ya kuharakisha. Mwenye uwezo wa kutengeneza herufi za chuma, mabango ya taa, vibao vya milango ya ofisi au maandishi ya magari ya kampuni anayo. Hata kwa huyo, kuna mambo yanayotangulia. Karani wa ununuzi anaweza kusamehe ukosefu wa tovuti, lakini hawezi kusamehe ukosefu wa ankara. Tangu Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru (KRA) haitambuliwi wakati kampuni inapokokotoa ushuru wake, isipokuwa kwa yale yaliyosamehewa na sheria. Fundi mwenye tovuti ya kupendeza lakini asiyeweza kutoa ankara hiyo atapigiwa simu, aandaliwe chai, na kazi ipewe mwingine.

Watetezi wa mitandao ya kijamii watasema kwamba yote haya yanapatikana bure katika Facebook, WhatsApp na ramani za Google. Kwa kiasi kikubwa wana haki. Kujiandikisha kwenye ramani ya Google hakuna malipo, na kwa biashara iliyofungamana na mahali kama hii, mtu anayetafuta fundi wa mabango aliye karibu naye huiona ramani kabla ya kuziona tovuti. Yeyote mwenye karakana ambaye hajajiandikisha huko hana haja ya kujadili tovuti kwanza. WhatsApp nayo ndiyo albamu ya picha ya kila fundi.

Walakini, mpangaji hana sauti juu ya paa. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote, na waliokuwa wakiuza huko pekee walifunga duka bila kupenda. Hiyo ilikuwa siku moja. Machi 2024 Google ilizima kabisa tovuti za bure ambazo wafanyabiashara walikuwa wamejitengenezea kupitia huduma yake ya wasifu wa biashara. Aliyekuwa ameandika anwani ya tovuti ya aina hiyo kwenye risiti, kadi na mlango wa gari lake ilibidi aanze upya. Fundi wa mabango, kuliko mtu mwingine yeyote, anajua gharama ya kufuta jina na kuandika jingine.

Basi akiamua kuwa na tovuti, iwe ya namna gani? Ukurasa mmoja unatosha, mwepesi, unaofunguka haraka kwenye simu ya bei nafuu. Picha ziwe za kazi zake mwenyewe, zikionyesha jengo lililotundikwa bango, kwa sababu wizi wa picha umekithiri katika biashara hii na karani aliyewahi kudanganywa hutaka kuona mahali anapopafahamu. Bei za kuanzia ziandikwe. Ile tabia ya kumwambia mteja aulize bei faraghani humfukuza hasa yule anayelinganisha watu watatu, maana atajaza nafasi ya tatu kwa jina la aliyeandika bei.

Kisha kuna elimu ambayo mteja anaihitaji na haipati kwa urahisi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka udhibiti wa matangazo ya nje mikononi mwa kaunti, na ada pamoja na masharti hutofautiana kutoka kaunti moja hadi nyingine. Mwenye duka hugundua hayo askari wa kaunti wanapofika na ngazi yao. Fundi anayeeleza kwa lugha nyepesi ni bango lipi linahitaji kibali katika kaunti yake, na kwamba kutundika katika hifadhi ya barabara ni kujitafutia hasara, atasomwa na watu walio karibu kabisa kutoa pesa. Maelezo hayo hayapo katika picha za WhatsApp zinazotoweka baada ya saa 24.

Lugha nayo iangaliwe. Tovuti za karakana zetu zimejaa Kiingereza cha kukopa, ilhali mteja hupiga simu kwa Kiswahili. Na fundi anayeonyesha ulimwengu picha ya bango lililoandikwa "kinyosi" ajue kwamba picha hiyo itasambazwa kwa bidii kubwa kuliko alivyowahi kutarajia, na si kwa kusifiwa.

Jambo la mwisho ni la umiliki, na ndilo linalopuuzwa zaidi wakati wa kutia saini. Jina linaloishia kwa .co.ke husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa na KeNIC, kwa takriban Sh1,000 kwa mwaka. Mara nyingi kijana anayetengeneza tovuti hulisajili kwa jina na barua pepe yake mwenyewe, kwa nia njema au vinginevyo. Akihamia kazi nyingine, au wakikosana, ilani ya kulipia mwaka mpya humfikia yeye, na fundi huja kujua tovuti imezimika pale mteja anapomwambia. Kabla ya kulipa hata arubuni, fundi ahakikishe kwamba jina limesajiliwa kwa biashara yake, kwa barua pepe anayoifungua mwenyewe, na kwamba neno la siri liko kwake. Asipopewa hayo, hizo Sh30,000 afadhali azinunulie taa za LED.