MASHINE ISUKUME, MTU AITAWALE

Ndugu wananchi wa kando ya Ziwa, dhahabu tunaijua. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966. Bulyanhulu, ulioanza kuzalisha 2001, una shimo lipitalo mita 1,000.

Katika migodi mingi duniani, watu walisukuma kwa mabega matoroli ya mawe kuyaingiza katika lifti. Toroli likitangulia lifti, hutumbukia na kuua. Siku hizi mkono wa chuma husukuma toroli lililojaa, nalo hulitoa lililo tupu upande wa pili. Kizuizi hakifunguki mpaka lifti itulie.

Hatuichukii mashine inayookoa roho. Tunadai vijana wetu wafundishwe kuiendesha na kuitengeneza, na aliyekuwa akisukuma asifukuzwe. Mwenye mali hawi mchukuzi daima.