Kipupwe Si Giza



Liko kosa linalorudiwa madarasani mwetu bila haya. Majira ya baridi ya Ulaya huitwa "kipupwe", mwanafunzi akaandika, akaridhika. Kipupwe ni ubaridi wetu wa Juni hadi Agosti, nao huja na jua lake. Baridi ya Ulaya huingia Desemba, wakati kwetu pwani inavuma kaskazi. Tena jambo zito katika majira hayo si baridi, bali ni giza. Huko Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halichomozi tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari.

Kosa la msamiati limezaa kosa la fikra. Wako wenzetu wadaio kwamba sonona ijayo na majira hayo ni ugonjwa wa Wazungu, watu wasiojua jamaa wala jirani. Hasha! Dakta Norman Rosenthal, ambaye pamoja na wenzake aliueleza ugonjwa huo mwaka 1984, alizaliwa Afrika Kusini. Alipohamia Marekani mwaka 1976 ndipo alipoona nguvu zake zikipungua baridi inapoingia. Giza halimuulizi mtu kabila lake.

Wako na wengine wasemao kwamba yote ni jua tu, utamaduni hauna lake. Hao nao wamepotoka. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba wagonjwa wa namna hii ni wachache zaidi Aislandi kuliko pwani ya mashariki ya Marekani, ingawa giza la Aislandi ni refu zaidi. Watafiti walidhani huenda ni urithi wa damu. Iwavyo vyote, giza peke yake halitoshi kuwa jibu. Wanorwe nao wana neno lao, mørketid, yaani wakati wa giza, na desturi zake: kuwasha mishumaa, kualikana, kutoka nje hata katika theluji. Jambo lenye jina huzungumzwa, na lizungumzwalo hutafutiwa dawa.

Sisi je? Kiswahili huhesabu saa za mchana kwa mawio ya jua. Lugha iliyozaliwa karibu na Ikweta, ambako usiku na mchana hukaribiana urefu mwaka mzima, haikuhitaji neno la giza lisilokucha. Lakini leo wasemaji wake, wanafunzi kwa wakimbizi, wanaishi Oslo na Minneapolis. Mmoja wao akilala kupita kiasi, akila wanga bila kushiba, akijitenga na watu, jamaa humwambia kwamba ni uvivu, upungufu wa imani, au husuda ya watu. Kumbe ziko taa kali za tiba, na wako madaktari. Atawaendeaje, naye hana neno la kuwaambia?

Basi napendekeza tufundishe "majira ya giza" na "sonona ya majira", tena tuwapambanulie wanafunzi huzuni, ambayo humpata kila mtu ikapita, na sonona, ambayo ni maradhi. Tusingoje kamusi mpya. Mwanafunzi anayesafiri mwaka huu hatapata nafasi ya kuingoja, na mwalimu aliyemfundisha "kipupwe" amempa blanketi mahali alipohitaji taa.