Wastani wa Shule Hautoshi Kumhukumu Mwalimu

Mapema mwaka jana nilihudhuria kikao kimoja cha kata ambamo mkuu wa shule ya sekondari alisimamishwa mbele ya wajumbe, akatakiwa aeleze kwa nini shule yake imekuwa ya mwisho wilayani. Kiongozi aliyemhoji, ambaye namheshimu, alikuwa na karatasi moja tu mkononi: orodha ya shule kwa wastani wa matokeo ya kidato cha nne. Mwalimu alijibu kwa maneno machache, akaketi. Hakuna mjumbe aliyeuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia, yaani watoto wenyewe ni akina nani. Nami nilikaa kimya, na kwa kiasi fulani makala haya ni deni la ukimya huo.

Shule za Serikali si za namna moja. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora zote mbili, ya wavulana na ya wasichana, hupokea watoto waliochaguliwa kwa alama za juu, nao hulala bwenini. Shule ya kata hupokea mtoto wa mkulima, wa mchuuzi na wa mfugaji wa pale pale, maadamu amefaulu darasa la saba. Kuziweka shule hizi katika orodha moja, kisha kumsifu mwalimu wa huku na kumkaripia wa kule, ni kupima kazi ya mchujo na kuiita kazi ya ufundishaji. Wazee wetu waliosoma shule za kati enzi za mkoloni hupenda kutuambia kwamba elimu yao ilikuwa imara. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini mtihani wa darasa la nne ulikuwa umekwisha kuwarudisha wenzao wengi nyumbani, na hao hawamo katika masimulizi.

Taifa liliamua kuacha njia hiyo, na uamuzi ulikuwa wa haki. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004 hadi 2009, idadi ya wanafunzi wa sekondari iliongezeka zaidi ya mara tatu, kwa nguvu za wananchi waliobeba mawe na kuchanga fedha za madarasa. Mwaka 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Haiwezekani kufungua mlango kwa wote, halafu tukashangaa kwamba walioingia ni wote. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri hata yakafutwa na kupangwa upya, yalitushtua. Dawa mojawapo iliyofuata, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa mwaka 2013, ilikuwa kuzipanga shule kwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Rangi haikuongeza mwalimu hata mmoja wa fizikia. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, jambo la busara. Lakini matokeo ya kila shule yako wazi, na mwenye kalamu hujitengenezea orodha yake.

Basi tuwatazame watoto. Yupo anayetembea saa nzima na zaidi kufika shuleni, akasoma mpaka alasiri bila kutia kitu tumboni, kwa sababu wazazi wa kata hawakukubaliana juu ya mchango wa chakula. Yupo aliyepangishiwa chumba karibu na shule, akijipikia na kujilinda mwenyewe akiwa na umri wa miaka 15, na wasichana wa namna hiyo ndio wanaopotea kwanza. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Ni shule ngapi zimemwandalia mapokezi, badala ya minong'ono? Na karibu wote hao wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari moja wakaamkia biolojia, historia na hesabu kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Mpaka leo mtoto wa kidato cha kwanza anakariri maelezo ya usanisinuru kwa lugha asiyoweza kuombea maji ya kunywa.

Najua hoja hii inaweza kuwa kichaka cha mvivu. Mwalimu asiyeingia darasani hana haki ya kujificha nyuma ya umaskini wa wazazi, na wapo wa namna hiyo. Wanafunzi wanawajua kwa majina. Lakini orodha ya wastani haituonyeshi hata huyo. Tuchukue mfano: shule moja ilipokea watoto 120, ikawafikisha kidato cha nne 110, nao 60 wakafaulu. Jirani yake ilipokea 120 vile vile, ikawaacha 50 watoroke bila kuwafuatilia, na kati ya 70 waliobaki wakafaulu 50. Kwenye karatasi ya kiongozi wetu, ya pili ina asilimia 71 na ya kwanza haifiki 55. Shule iliyowapoteza watoto inapigiwa makofi, na iliyowashika inasimamishwa kikaoni.

Ninachoomba kwa maofisa elimu wa kata na wilaya hakihitaji fedha za wafadhili. Karatasi ya matokeo inayoletwa kwenye vikao vyetu iongezwe safu tatu: walioandikishwa kidato cha kwanza, alama walizoingia nazo kutoka darasa la saba, na waliofika mpaka chumba cha mtihani. Takwimu zote hizo zimo tayari katika makabati na kompyuta za Serikali. Mkuu wa shule niliyemtaja atakapoitwa tena, aulizwe kwanza juu ya safu hizo, nasi wajumbe tuulizwe chakula cha mchana kimefikia wapi.